USIMSINGIZIE MOLA WAKO: MVUA NI YAKE, DARAJA NI AMANA YETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah, anayeteremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo anachokijua Yeye. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao. Amma baad.

Kila msimu wa mvua ukichanganya, simu zetu hujaa video ya aina moja. Maji mekundu, daraja limekatika, mabasi yamepanga foleni huku na kule, mama mjamzito yuko ng'ambo na hospitali iko huku. Ukishuka chini kwenye maoni unakuta maneno yale yale. Mmoja ameandika: "Kudura ya Mungu hiyo, nani wa kuzuia?" Mwingine: "Ni adhabu, zinaa imezidi." Wa tatu, huyu kavaa kofia ngumu na koti la kung'aa: "Mvua ya mwaka huu haijawahi kutokea." Kisha sote tunasema subhanallah, tunasogeza kidole, tunaangalia video nyingine.

Leo nataka kuzungumza na watu hawa watatu. Nasema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho apate jambo moja: MVUA NI YA ALLAH. LAKINI UPANA WA KARAVATI TUMEUPIMA SISI, SARUJI TUMECHANGANYA SISI, MCHANGA CHINI YA NGUZO TUMECHIMBA SISI, NA TAKA KWENYE MTARO TUMETUPA SISI. Anayemtwika Mola mzigo wa mikono yake hajamtukuza. Amemsingizia.

KWANZA: WEWE UNAYESEMA NI QADAR, TUSIHOJI

Ndugu yangu, qadar ni nguzo ya imani na hakuna Muislamu anayeikataa. Ila hukupewa qadar uifanye blanketi la kufunikia uzembe.

Umesahau kisa cha Sayyidna Umar (R.A)? Alikuwa njiani kuelekea Sham, akafikia Sargh, akaambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda (R.A), mmoja wa walioahidiwa pepo, akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba naam, wanatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Maana yake ni nini? Maradhi ni qadar, na akili ya kuyaepuka ni qadar vilevile. Mafuriko ni qadar. Na mhandisi aliyefundishwa kujenga msingi wa kina ni qadar pia.

Mtume wetu (S.A.W) alipoulizwa kuhusu ngamia, aliamrisha afungwe kwanza kisha mtu ategemee. Nabii Nuh (A.S) hakuambiwa apande mlimani asubiri muujiza. Aliamrishwa kuunda jahazi, mbao kwa mbao, huku watu wanamcheka. Nabii Yusuf (A.S) aliweka nafaka miaka saba kabla ya njaa. Na sisi wa Kizota tunaishi jirani na maghala ya akiba ya chakula ya taifa, vihenge vinaonekana, malori yanapishana kushusha mahindi. Sijawahi kumsikia mtu akisema kuweka akiba ile ni upungufu wa tawakkul. Basi kwa nini kuzibua karavati kabla ya mvua mnaona si kazi ya dini?

PILI: WEWE UNAYESEMA NI ADHABU

Nakubaliana nawe nusu. Katika Suratur Rum, aya ya 41, Allah anatujulisha kwamba uharibifu unaodhihiri nchi kavu na baharini una chanzo katika yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Lakini soma vizuri, ni MIKONO. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye nguo za mabinti, ukaruka mikono iliyoiba saruji. Umeona dhambi ya disko, hukuona dhambi ya zabuni.

Halafu hujui aliyekufa alikuwa nani. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alieleza Bungeni, hapa hapa Dodoma, kwamba mvua za msimu ule na mafuriko yake zimeua watu 155 na kujeruhi 236. Watoto wamo humo. Na Mtume (S.A.W) amemhesabu Muislamu aliyekufa kwa kuzama kuwa miongoni mwa mashahidi. Mtume anamwita shahidi, wewe ukiwa kwenye kochi unamwita mwenye dhambi. Mche Allah.

TATU: WEWE UNAYESEMA HAIJAWAHI KUTOKEA

Hapa naomba subira, kwa sababu bila kujua daraja linavyokufa huwezi kujua nani wa kuulizwa. Mimi si mhandisi, elimu yangu ni ya madrasa na sekondari. Lakini mambo haya hayahitaji digrii. Yanahitaji macho.

1. MAJI HULA CHINI, HAYAPIGI JUU TU. Uliyekulia Dodoma unalijua korongo. Simama ndani yake maji yakipita kwenye vifundo. Baada ya muda kidogo unahisi mchanga unatoroka chini ya visigino, unazama, unayumba. Nguzo ya daraja inafanyiwa hivyo hivyo. Maji yakigonga nguzo yanazunguka, yanakwenda chini, yanachimba shimo kuizunguka. Kama msingi ni mfupi, shimo linafika chini yake, nguzo inakosa pa kukanyaga. Hii ni moja ya sababu kubwa kabisa za madaraja kuanguka duniani kote. Mwaka 1987 huko New York, Marekani, daraja la barabara kuu lililovuka Schoharie Creek lilianguka kwa namna hii, watu 10 wakafa. Zege lilikuwepo, nondo zilikuwepo. Ardhi ndiyo iliyokuwa imeondoka chini.

Na kuna hila moja hapa. Mafuriko yakipungua, mchanga hurudi na kulifukia lile shimo. Anakuja mkaguzi mwezi wa saba, korongo kavu, mbuzi wanapita, anatazama juu: daraja zima! Anasaini. Shimo limejifukia kwa mchanga mlegevu ambao mvua ya kwanza itauzoa tena. Basi ukaguzi wa kutazama juu bila kuchunguza misingi ni sawa na daktari anayemtazama mgonjwa shati.

2. MLANGO MDOGO, WAGENI WENGI. Karavati linapimwa kwa maji ya siku lilipojengwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji wa Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao wote wana mabati, wana zege uani, wana lami mbele ya nyumba. Mvua iliyokuwa inanywewa na ardhi sasa inateleza yote kwa pamoja kuelekea korongoni. Mvua inaweza kuwa ile ile na maji yakawa mengi zaidi. Na tumejenga mpaka ukingoni mwa makorongo, tumeyabana mabega. Kisha tunayashangaa yanapojipitishia njia sebuleni.

3. TAKA NA MAGOGO. Mafuriko hayaji na maji peke yake. Yanakuja na miti, majani, magodoro, chupa za plastiki. Vyote vinakwama kwenye mdomo wa karavati, na daraja linageuka bwawa. Halikujengwa kuwa bwawa. Tarehe 29 Aprili 2024 majirani zetu wa Mai Mahiu, Kenya, waliamshwa usiku na ukuta wa maji, makumi ya watu wakafa. Mwanzoni watu walisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali yao ikaeleza kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka na udongo, maji yakarundikana nyuma yake, kisha yakapasua. TUNDU LILILOZIBA. Limeua kijiji.

4. TUTA LA MAINGILIO. Mara nyingi daraja lenyewe halianguki. Maji yakikosa pa kupita yanalizunguka, yanakula tuta la udongo linalounganisha barabara na daraja. Asubuhi unakuta daraja limesimama peke yake katikati ya mto kama meza bila viti. Na maji yakifika kwenye sakafu ya daraja yanaisukuma kwa ubavu na kuinyanyua kwa chini. Kumbukeni pia kwamba mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne.

5. MCHANGA ULIOIBWA. Hapa naomba tusikilizane sana, kwa sababu Dodoma inajengwa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, tipa hazilali. Mchanga unatoka wapi? Makorongoni. Na baadhi ya watu wanaufuata pale ulipo karibu na barabara, yaani jirani na daraja! Ukichota mchanga, sakafu ya mto inashuka, na msingi uliokuwa umezikwa unabaki nje kama jino lililotoka ufizi. Tarehe 4 Machi 2001 huko Ureno daraja la Hintze Ribeiro katika mto Douro lilivunjika usiku, mto umejaa. Basi na magari madogo yakatumbukia. Watu 59 wakafa, hakupona hata mmoja. Uchunguzi ukaonyesha kuwa mchanga uliochotwa mtoni kwa miaka mingi ulikuwa umeiacha nguzo bila kishikio, na dalili zilikuwa zimeonekana kabla. Waziri aliyehusika hakusema "kudura". Alijiuzulu. Nchi ya makafiri, lakini mtu alijua maana ya kubeba dhamana.

Sasa wewe wa "haijawahi kutokea". Mnasema daraja limejengwa kwa mafuriko ya miaka 100, na wananchi wanaelewa kuwa wako salama miaka 100. Si kweli, na nyinyi mnajua si kweli. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 100 ya kupata mafuriko makubwa kuliko hayo. Daraja likikaa miaka 50, nafasi ya kukutana nayo walau mara moja inafika karibu 40 kati ya 100. Je, ungepanda basi lenye bahati hiyo? Na hesabu hiyo imetoka kwenye kumbukumbu za mvua za zamani, na hali ya hewa ya leo si ya zamani. Basi mtu mwadilifu huwaambia watu ukweli wa kipimo, na huacha nafasi ya ziada. Usitupe ahadi siku ya kukata utepe, kisha ukatupa sayansi siku ya msiba.

Na msiniambie hatukuonywa. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yalifumua reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi abiria wa treni ya Kigoma wakawa wanaianzia safari hapa Dodoma badala ya Dar es Salaam. Tarehe 2 Machi 2020 maji yakakata daraja la Kiyegeya, Gairo, Dodoma na Morogoro zikatengana. Makao makuu ya nchi, ndugu zangu, yamekatwa na mto ambao wakati wa kiangazi mtoto anauvuka akicheza! Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika sehemu kadhaa za Kilwa, Somanga na Matandu zikiwemo. Jambo lililotokea mara tatu, nne, ndani ya umri wa kijana mmoja, halina haki ya kuitwa "haijawahi kutokea".

UHARIBIFU WETU HAUISHII KWETU

Maji ya Dodoma hayabaki Dodoma. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya nyanda zetu hizi, unashuka Mpwapwa, unaingia Mkondoa kuelekea Kilosa, unaendelea kwa jina la Wami mpaka Bahari ya Hindi. Mti unaoukata wewe kwa ajili ya mkaa, mlima unaoulima bila matuta, ng'ombe waliozidi malisho, udongo wake wote unasafiri. Unajaza mto mchanga, mto unapoteza kina, maji yanapanda juu, daraja la mtu usiyemjua linazama.

Wazee wa Kondoa wanalijua hili. Ardhi yao ilichakaa kwa makorongo mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Ilikuwa amri chungu, watu waliumia, na sisemi kila kilichofanyika kilikuwa sawa. Lakini ilionekana kwa macho: ardhi ikipumzika, majani yakirudi, maji hupunguza hasira. Kanuni ya fiqhi inasema madhara huondolewa. Haikusema tu madhara ya aliye mtaa wako.

AMANA

Sasa tufike kwenye moyo wa maneno. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Daraja ni amana. Wenyewe ni nani? Ni dereva wa bodaboda, ni mwanafunzi, ni mama mjamzito niliyemtaja.

Ewe mkandarasi: mfuko wa saruji uliopunguza, nondo uliyoipunguzia unene, msingi ulioishia njiani ukaandika umefika, hivyo havikufukiwa. Ardhi itavitoa. Ewe uliyepokea chako ili usaini: pesa ile uliita shukrani, Mtume (S.A.W) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Ukienda Umra kwa pesa ile, unamzunguka nani kwenye Kaaba? Ewe unayeng'oa vyuma vya kingo za daraja ukauze chakavu, na wewe unayenunua huku ukijua: dereva anayetafuta ukingo gizani katikati ya mvua haukuti. Damu hiyo mtagawana.

Na sisi watu wa misikiti tusijitoe. Kamati ya ujenzi inauliza bei ya tripu ya mchanga. Ni nani anayeuliza umechimbwa wapi? Itakuwa ajabu siku ya Kiyama mtu kukuta mihrabu aliyoichangia imejengwa kwa mchanga wa chini ya daraja lililozamisha watoto.

Kumbukeni watu wa Saba, ambao Allah ametusimulia habari zao katika sura yenye jina lao. Walikuwa na bustani kuliani na kushotoni, na bwawa la Maarib huko Yemen likiwanyweshea. Walipoacha kushukuru, wakaletewa mafuriko ya Arim. Baadhi ya wafasiri wamesimulia habari za panya waliolitoboa bwawa lile. Shukrani si alhamdulillah ya ulimi tu. Kushukuru neema ya daraja ni kulitunza. Nasi leo tuna panya wetu, ila wanatembea kwa miguu miwili na wana mihuri.

TUFANYE NINI?

Moja: kabla ya mvua za Desemba, kila msikiti uchague karavati lililo karibu, vijana wetu watoke siku moja na makoleo na mapanga walizibue. Kuondoa kero njiani Mtume (S.A.W) amekuhesabu katika matawi ya imani. Karavati lililoziba ni kero ya mji mzima.

Mbili: ukiona ufa, ukiona msingi umebaki nje, ukiona tuta linameguka, piga picha, peleka ofisi ya serikali ya mtaa kwa barua na ubaki na nakala yenye muhuri. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA. Uliza majibu. Kuuliza si uasi. Sayyidna Umar alihofia kuulizwa na Allah kuhusu mnyama atakayejikwaa Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Yeye alikuwa Madina!

Tatu: usinunue mchanga wa darajani. Usinunue chuma cha barabarani. Usitupe taka mtaroni ukasema maji yatachukua. Yatachukua kweli, na yatakurudishia.

Nne, na hii ni ya kuokoa roho yako leo: DARAJA LIKIFUNIKWA NA MAJI, USIVUKE. Huoni kama bado lipo. Maji ya nusu mita tu yanatosha kuielea na kuisukuma gari ndogo. Tarehe 4 Desemba 2021 huko Kitui, Kenya, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya mto Enziu mbele ya macho ya watu. Zaidi ya 30 walikufa. Allah ametukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Harusi inasubiri. Biashara inasubiri. Hata swala ya Ijumaa una udhuru wa kuiswali adhuhuri ulipo. Abiria, mwambie dereva ashushe, na usione haya.

Ndugu yangu, ukiiona tena ile video, sema innalillahi, waombee waliofikwa. Kisha uliza: nani alipima? Nani alijenga? Nani alisaini? Nani alichimba? Nani aliziba? Maswali haya hayapunguzi imani. Yanaikamilisha.

Ewe Mola wetu, tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara. Warehemu waliozama, wape subira jamaa zao. Watengeneze viongozi wetu, na utupe sisi mikono safi kabla ya kutuuliza kilichofanywa na mikono hiyo. Aamin.

Mfikishie mwenzako ujumbe huu, na anza na fundi, dereva na mkandarasi unayemjua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yenu, Imamu, Kizota, Dodoma.